Mzigo wa Joto wa Jengo la Saba

Semeni alipiga hodi mara moja, na mlango ukafunguka wenyewe chini ya kidole chake. Ulikuwa umeegeshwa kwa tofali ili upepo upate njia, ingawa upepo wenyewe ulikuwa na siku nne haujaonekana mjini.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, mwanangu. Pita, ila usimkanyage mtu."

Haukuwa utani. Watoto walikuwa wamelala sakafuni, matumbo juu ya saruji tupu, wamepangana kama vibua kwenye sinia. Walikuwa sebuleni, walikuwa kwenye kijia cha kwenda jikoni, na miguu ya wengine ilichungulia chini ya meza. Katikati yao aliketi Bi Mwanatumu, kanga yake imelowa mabegani, akimpepea mjukuu wa miaka miwili kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuangalia kile kisanduku chenu? Kinapuliza, lakini kama mtu anayepuliza chai."

Semeni alitazama ukutani. Kipoza kilikuwa kinafanya kazi yake. Maji ya baridi yalikuwa yanapita ndani yake, maji yaliyovutwa kutoka vilindini mwa bahari hadi kila jengo la Tanga kwa bomba moja. Feni ilizunguka. Hakuna kilichoharibika.

Alitoa mfukoni kipimajoto chake chenye kitambaa kibichi kwenye ncha, akakizungusha hewani kama mtoto anayechezea kombeo, kisha akakisoma. Akakizungusha tena, akijiambia kwamba amekosea. Thelathini.

Kipimo cha kitambaa hakisemi jua ni kali kiasi gani. Kinasema jasho limebakiza uwezo gani. Kikifika thelathini na tano, jasho halikauki tena mwilini, na hata kijana mwenye afya, akiwa kivulini na maji ya kunywa mkononi, hupikwa taratibu na joto la damu yake mwenyewe. Watoto na wazee hawangoji kufika huko. Nje asubuhi ile kilikuwa thelathini na mbili. Humu ndani, kwa hesabu ya programu ya mji, kilipaswa kuwa ishirini na tatu.

"Kidawa hatoki jasho tangu alfajiri," Bi Mwanatumu alisema, akimaanisha mtoto aliyekuwa mapajani. "Anakunywa, lakini hatoki jasho."

Semeni alichuchumaa, akamgusa paji la uso. Lilikuwa kavu, la moto kama sufuria iliyotoka mekoni. Alivua skafu yake, akailowesha kwenye ndoo, akamfunika mtoto. Akiwa bado amechuchumaa, macho yake yakaanza kwenda huku na huko juu ya migongo ile midogo, na kabla hajajizuia alikuwa ameshawahesabu. Kumi na mmoja, na bibi yao wa kumi na mbili.

Kwenye rejista, kwa mwandiko wake mwenyewe, nyumba hii ilikuwa na watu wanne.

Alilikumbuka vizuri zoezi lile la mwezi wa saba. Kulikuwa na ubaridi wa kipupwe, naye alikuwa na wiki mbili kazini. Aliketi kwenye stuli hii hii akauliza, "Bibi, mko wangapi humu?" Bi Mwanatumu akajibu, "Tupo." Akauliza tena. "Tupo, mwanangu, Mungu katuweka." Kumuuliza mzee swali moja mara ya tatu si adabu, naye Semeni alilelewa. Programu haikukubali nafasi tupu, ikampa yenyewe wastani wa mji, kaya moja watu wanne. Akamuuliza, "Niandike wanne, Bibi?" Bi Mwanatumu akasema, "Andika unavyopenda, kalamu ni yako."

Akaandika. Akapanda ngazi, akaandika tena mlango uliofuata, na uliofuata. Kaya sitini, zote za watu waliohamishwa pamoja kutoka mdomoni mwa mto bahari ilipovila vijiji vyao, na wote wenye jibu lile lile. Tupo.

"Bibi," alisema, "kwa nini hukuniambia mko wengi?"

Bi Mwanatumu aliacha kupepea. "Watu si kuku, mwanangu. Mwaka wa maji tulihesabiwa. Bwana mmoja mwenye karatasi alisimama mlangoni mwa hema akanilazimisha niwataje, mmoja mmoja, kwa kidole. Nikapata ishirini na wawili. Wiki ile ile homa ikaingia, tukabaki kumi na tisa." Akarudi kupepea. "Sisemi yule bwana aliwaua. Nasema sihesabu tena."

* * *

Programu iliitwa Mizani, na haikupima kitu. Watu wengi mjini hawakulijua hilo. Walidhani kuna jicho mahali fulani linaloona nani anaungua. Mwaka wa kwanza wa bomba kulikuwa na vipimajoto kila nyumba, ndipo wajanja wakaanza kuweka jiko la mkaa chini ya kipimajoto ili waletewe baridi zaidi, na wodi moja ya wazazi ikakaukiwa mchana mzima. Viyoyozi vya umeme navyo vilishapigwa marufuku, kwa kuwa vilipoza chumba na kuunguza mtaa. Ikabaki Mizani. Iliambiwa unene wa kuta, rangi ya paa, upande yanakotazama madirisha, idadi ya majiko, idadi ya watu. Nayo ikakisia mzigo wa joto wa kila jengo, saa kwa saa, msimu mzima. Kwa kisio hilo vali ya jengo ilifunguliwa kiasi chake, ikapigwa muhuri.

"Injinia," Semeni alisema mlangoni mwa ofisi, akiwa bado anahema, "Jengo la Saba nimelikosea."

Injinia Kilua, mkuu wake, alikuwa na kikombe cha tangawizi karibu na midomo. "Umelikosea kwa watu wangapi?"

"Kama mia tatu."

Kikombe kikashuka mezani. "Mia tatu si kosa, Semeni. Mia tatu ni kijiji."

"Nilipita milango kumi na mitano kabla ya kuja. Yote ni hivyo hivyo. Tufungue muhuri, Injinia. Leo. Kuna mtoto hatoki jasho."

"Mtoto umemfanyaje?"

"Nimempeleka zahanati. Wamempa drip na shuka lenye maji. Wamesema jioni wanamrudisha nyumbani, vitanda vimejaa. Nyumbani ni kule kule!"

Kilua hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mazoea ya kufuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Kanuni ya muhuri aliiandika nani?"

Wote wawili walijua kwamba ni Semeni. Ilikuwa sura ya nne ya andiko lake la kuhitimu. *Mkono wa mtu yeyote usiguse namba baada ya msimu kuanza, awe mkubwa au mdogo, ili baridi isiwafuate wenye jina.* Mamlaka ya Ubaridi iliisoma, ikaipenda, ikamwajiri. Yeye aliipigia makofi siku ilipopitishwa, akiamini kwa moyo wake wote kwamba haki ni kitu kinachoweza kuandikwa vizuri kikaachwa kijiendeshe.

"Niliacha mlango mmoja," alisema polepole.

"Uliacha. Kuhesabu upya. Kila mkuu wa kaya ataje watu wake kwa majina, kwa sauti yake, kabla ya saa kumi jioni. Sasa hebu ijaribu kabla hujakimbia. Ingiza mia tano na arobaini uone."

Aliketi kwenye kiti chake, akaingiza. Mizani ikanyamaza kwa pumzi mbili, kisha ikaleta mistari. Jengo la Saba lingeshuka kutoka thelathini hadi ishirini na nane na nusu. Semeni alianza kutabasamu. Halafu akasoma mstari wa chini yake.

Jengo la Nane: kutoka ishirini na tatu hadi ishirini na nane na nusu.

"Tawi la bomba ni moja," Kilua alisema nyuma ya bega lake. "Saba na Nane yananyonya titi moja."

"Tuchukue tawi jingine."

"Bomba liko hivyo chini ya ardhi. Utalichimba leo?"

"Kumbi za mji basi. Tuwahamishie huko."

"Zimejaa tangu juzi. Nimepiga simu zote, Semeni, unadhani nimekaa hapa nakunywa tangawizi tu?"

Jengo la Nane lilikuwa la walimu wastaafu. Nalo alilihesabu yeye. Pale watu walimjibu wima, kwa majina mawili mawili na mwaka wa kuzaliwa, kama wanaitwa asubuhi darasani. Watu mia moja na tisini, na arobaini na mmoja kati yao wamepita miaka themanini. Sita wenye moyo mbovu. Walitaja hata dawa zao.

"Ishirini na nane na nusu itawafanya nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Wewe na mimi hatutalala vizuri. Mwenye miaka themanini na moyo mbovu..." Kilua alivua miwani akaifuta. "Mizani inakisia joto, binti yangu. Haikisii misiba. Ukiamua kuomba hesabu mpya, nitatia sahihi bila swali. Usipoomba, sitakulaumu pia. Siwezi kukuamulia, kwa sababu sijui."

Semeni aliyatazama majengo yale mawili kwenye kioo, viboksi viwili vya kijivu vinavyotazamana. Wale walisema kweli, nao wakapata haki yao hadi tone la mwisho. Hawa walinyamaza kwa sababu waliwapenda watoto wao. Alitafuta mtu mbaya katika jambo hili, walau mmoja, na hakumpata ila yule msichana wa mwezi wa saba aliyeona haya kuuliza mara ya tatu.

* * *

Saa nane mchana ukumbi wa chini wa Jengo la Saba ulikuwa umejaa watu waliotoa miguu nje ya kandambili ili wapate ubaridi wa sakafu. Bwana Mbaruku wa ghorofa ya tatu, fundi viatu mwenye sauti ya mnadani, ndiye aliyemwona kwanza.

"Injinia mwenyewe kafika! Umetuletea barafu au umetuletea fomu?"

"Fomu, Baba Mbaruku."

"Nilijua. Fomu haiyeyuki."

Watu wakacheka, na Semeni akatamani afadhali wangemtukana. Akasimama kwenye ngazi ya kwanza, mashine ya rejista mkononi, akawaeleza yote. Kosa ni langu, alisema. Leo hadi saa kumi mnaweza kutaja watu wenu mbele ya mashine hii, vali ikafunguliwa zaidi.

Kulikuwa na manung'uniko. Wanawake wawili walitazamana. Kutaja watu, tena wote, tena kwa sauti, tena mbele ya kitu kinachokumbuka. Lakini Mbaruku alikata maneno. "Mimi nitataja! Wanangu ni wanane na nitawataja wote na kuku wao. Wenzetu wa Nane walitaja, wamekufa? Wanalala na shuka! Juzi nimemwona Mwalimu Kaoneka kavaa sweta. Sweta, jamani, mwezi wa kwanza!"

"Mbaruku," Bi Mwanatumu alisema kutoka kwenye benchi, "acha kelele, unaongeza joto." Kisha akamgeukia Semeni. "Mwanangu. Baridi hiyo ya kuongeza mnaitoa wapi?"

Angeweza kusema baharini. Lingekuwa neno la kweli pia.

"Inatoka Nane, Bibi."

"Nane hii ya hapo ng'ambo?"

"Ndiyo. Kila mtakachopata ninyi, wao watakipoteza. Mtakuwa sawa. Wote mtakuwa na joto, ila si kama hili."

"Na wale wazee?"

Semeni alitikisa kichwa. Ulikuwa mtikiso usio na maana maalumu, lakini kila mtu aliuelewa. Watoto wote wa Jengo la Saba walisomeshwa bure chini ya ngazi za Nane, kila Jumamosi, na yule yule Mwalimu Kaoneka mwenye sweta.

"Basi mimi wangu siwataji," alisema mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, na hapo hapo akaanza kulia. "Siwataji, lakini nifanyeje na huyu?"

Nje jua lilipiga uani hadi hewa ikatikisika. Semeni alizungusha kipimajoto chake kwa sababu mikono ilitaka kazi. Thelathini na nusu.

"Niambie jambo," Bi Mwanatumu alisema. "Sisi watu, kwa nini mashine yako inataka kujua tuko wangapi? Si kuta ndizo zinazopata jua?"

Hili Semeni aliliweza. Alikuwa mwalimu kwa asili, na alifarijika kuulizwa kitu chenye jibu. "Mwili wa mtu ni jiko, Bibi. Chakula unachokula kinaungua ndani polepole. Ukikaa kimya tu, unatoa wati mia moja. Pumzi yako na jasho lako vinaweka unyevu hewani, na unyevu ndio unaofanya jasho la mwenzako lisikauke. Kwa hiyo chumba chenye watu kumi na wawili..."

"Mtu mzima na mtoto, sawa?"

"Mtoto anatoa kidogo. Mtu mzima zaidi."

"Hata mzee?"

"Hata mzee. Karibu sawa."

Bi Mwanatumu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei akaiona ya haki. Akajishika magoti, akasimama. Akaitwaa ndoo iliyokuwa kando ya benchi, akalowesha kanga yake ya juu, akajifunika kichwa, na kuelekea mlango wa uani.

Semeni alimfikia kabla hajavuka kizingiti. "Bibi, unakwenda wapi?"

"Kukaa pale ukutani, penye kivuli."

"Nje ni thelathini na mbili! Itafika thelathini na tatu. Bibi, hutamaliza mchana!"

"Nimemaliza mchana mwingi."

"Haitasaidia! Nisikilize. Wati mia si kitu, ni kama taa moja ya zamani. Ukitoka wewe, joto mle ndani litashuka kidogo sana, hata sitaliona kwenye kipimo."

"Litashuka?"

"Litashuka, lakini..."

"Basi litashuka. Kidawa akirudi jioni ataikuta hiyo kidogo."

Alitoka. Nyuma yake, bila mtu kumwita, akainuka mzee mwenye bakora wa ghorofa ya pili, akalowesha kofia yake ndooni. Halafu mapacha wawili wenye nywele nyeupe waliokuwa hawasemezani tangu Idi. Halafu mama mkwe wa Mbaruku, na Mbaruku akamshika mkono akisema, "Mama, usinifanyie hivi, rudi ukae," naye akamwambia, "Wewe una watoto wanane wa kutaja, niache," na fundi viatu yule akamwachia mkono. Walitoka wakiwa wamekamatana viwiko, polepole, kama watu wanaokwenda kukaa kwenye msiba wa jirani. Wakajipanga kwenye kivuli chembamba chini ya ukuta.

Semeni alisimama mlangoni na mashine mkononi. Kila mmoja aliyempita aliisogeza karibu na ukweli ile namba aliyoiandika mwezi wa saba. Walikuwa wanaitimiza kwa miili yao. Kama wangetoka wa kutosha, kisio lake lingekuwa sahihi kabisa, na Mizani isingekuwa na kosa, na sura ya nne ingebaki kuwa andiko zuri.

Akawafuata. Akamshika Bi Mwanatumu mkono, akavuta, na yule mzee akawa mzito kama gunia la chumvi. Akapiga magoti kwenye vumbi, akaomba, akalia waziwazi. Bi Mwanatumu alimpangusa uso kwa pindo la kanga.

"Usilie, unapoteza maji. Inuka, mwanangu, unatuzibia kivuli."

Kwenye kioo cha mashine ilikuwa saa tisa kasorobo. Wakuu wa kaya walikuwa wamerudi juu. Hakuna aliyetaja mtu. Semeni hakuwa na haki ya kuwatajia, wala sauti yake isingekubaliwa. Hata ingekubaliwa, hakujua kama angeitoa. Alichojua ni kwamba asipofanya lolote, mmoja kati ya hawa waliokaa ukutani angeegemea bega la mwenzake na asiinuke.

Ndipo akageuka kuitazama Nane. Uwanja wa kati ulikuwa hatua arobaini. Alikimbia, na hewa ikawa kama kukimbia ndani ya uji. Alijua hesabu. Mzee mmoja akiingia mle anaingia na wati mia zake, naye anazitua mabegani mwa mwenye moyo mbovu. Hakuna mlango mjini ambao joto lingepita likawa si joto tena. Hata hivyo watu wanaweza kuulizwa kama watawapokea wenzao. Alishikilia hilo tu; watu hawajapigwa muhuri.

Alibisha hodi, mara tatu safari hii.

Mwalimu Kaoneka alifungua mwenyewe, mrefu, amejikunja, sweta ya kijani imefungwa vifungo vyote, na nyuma yake baridi ikatoka kama maji kutoka ndoo iliyopinduka. Ilimpiga Semeni usoni, shingoni, kwenye vidole vya miguu. Mwili wake ulifurahi kabla yeye hajaruhusu.

"Aah, Injinia wetu," Mwalimu alisema kwa furaha. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Hayakuona ng'ambo ya uwanja. "Karibu, binti yangu. Kuna nini, mbona unahema?"

Alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, aliyapanga njiani, lakini nyuma ya sweta ile aliona viti vya magurudumu vimepangwa kwenye korido, na mwanamke mzee sana amelala kwenye kimoja, kidevu kifuani, akipumua kwa mwendo mdogo wenye utulivu.

"Mwalimu," alisema. "Mwalimu, nimekuja..."

"Ingia basi, au baki nje," Mwalimu alisema kwa upole, akiushika ukingo wa mlango, "lakini tufunge. Baridi inatoka."

Semeni hakuingia. Aliweka kiganja kwenye ubao wa mlango, wala hakuuachia ufungwe.